Kuyarudia Mashimo ya Mfalme Sulemani: jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: Nilisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani nikiwa darasa la sita, nakala ya marehemu babu isiyo na jalada, nikakipenda kuliko kitabu kingine chochote. Sasa nina miaka 44 na nafundisha sekondari hapa Tanga. Juzi nimekisoma tena, safari hii kwa Kiingereza, nikabaki na uchungu: ndovu wanauawa kwa mchezo, Waafrika wanakufa ili Wazungu wafike, halafu yule msichana Foulata. Je, utotoni nilidanganywa, au sasa nakisoma kwa ukali mno? Na mwanangu wa miaka 12 amekiona mezani, anakitaka. Nimpe? Swali dogo la mwisho: nakala moja ya Kiingereza ina kupatwa kwa jua, nyingine kupatwa kwa mwezi. Ipi sahihi?

Jibu: Mwalimu, asante kwa swali. Nianze na hilo dogo, maana halina ubishi. Nakala zote mbili zimetoka kwa mwandishi wa riwaya hii, Mwingereza H. Rider Haggard, mwenyewe. Toleo la kwanza, la Septemba 1885, lilikuwa na kupatwa kwa jua. Tatizo ni kwamba ndani ya hadithi mwezi ndio kwanza umetoka kuwa mpevu, na jua halipatwi ila mwezi ukiwa umefichika kabisa, siku zile ambazo sisi watu wa pwani tunakazia macho magharibi tukingoja uandame. Isitoshe, giza lake Haggard linadumu hadi mashujaa wanatoka mjini kwa miguu, ilhali jua likifunikwa lote halimalizi hata dakika 8. Kosa likaonekana, na matoleo ya baadaye yakawekewa mwezi. Ukishika nakala yenye jua, basi una maandishi ya mwanzo.

Sasa hilo kubwa. Hukudanganywa. Kitabu kile kiliandikwa kwa makusudi kimteke mtoto, nawe ulikuwa mtoto. Kaka yake Haggard alimwekea dau kwamba hawezi kuandika kitu kinachofikia hata nusu ya hadithi ya kisiwa cha hazina ya Stevenson, iliyokuwa imetoka 1883 na kuuzika sana. Haggard, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye uwakili, akakaa jioni baada ya jioni, na kwa muda wa wiki sita hivi akawa amemaliza. Wachapishaji wa Cassell wakampa hiari: pauni 100 taslimu na hakimiliki iwe yao, au malipo madogo ya awali pamoja na mirabaha. Alikuwa tayari kuchukua zile 100. Mhariri akatoka chumbani kidogo, na karani aliyekuwa pembeni akamnong'oneza kwamba angekuwa yeye angechukua mirabaha. Karani yule alimtajirisha. Kitabu kilipotoka, London ikaamka na kukuta mabango ukutani yakikitangaza kuwa kitabu cha ajabu kupita vyote vilivyowahi kuandikwa. (Hizo hadithi zote mbili, ya Stevenson na ya Haggard, zilitufikia kwa Kiswahili wakati uleule, mwishoni mwa miaka ya 1920. Waliokuwa wakishindana kule Uingereza, huku kwetu walikaa rafu moja.)

Kitabu kimetabarukiwa kwa wavulana wote, wakubwa na wadogo. Msimulizi wake, mwindaji Allan Quatermain, anajigamba kwamba hakuna sketi ndani ya hadithi nzima. Kwa hiyo ulichokipenda ukiwa darasa la sita ni kile hasa kilichowekwa pale ili ukipende: ramani iliyochorwa kwa damu na Mreno mmoja mwaka 1590, jangwa, vilele viwili vya theluji, barabara kuu inayoanza katikati ya mahali pasipo na mtu, mlango wa jiwe unaoshuka polepole. Vitu hivyo bado vinafanya kazi yake. Nimeona wanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo, watu wazima wanaokuja darasani wameshajiandaa kukichana kitabu, wakinyamaza kimya mlango ule unapoanza kushuka.

Lakini umri umekuongezea jicho, na jicho hilo linaona mambo ambayo kitabu chenyewe kimeyaweka wazi. Ndiyo maana nasema husomi kwa ukali. Hujakitia kitabu maneno mdomoni, umeyasikia tu safari hii.

Chukua Foulata. Ukiwa mdogo ulimwona msichana mzuri anayeokolewa asichinjwe, anamuuguza Kapteni Good, kisha anachomwa kisu na bikizee Gagool. Maneno yake ya mwisho ni kwamba anafurahi kufa, kwa kuwa jua haliwezi kuoana na giza, wala mweupe na mweusi. Mtoto analia, anafungua ukurasa unaofuata. Mtu mzima anakwama hapo, kwa sababu Quatermain baadaye anasema waziwazi kuwa kifo kile kilikuwa jambo la heri, maana angeishi mambo yangekuwa magumu. Hakuna anayembishia ndani ya kitabu. Mwandishi alimpa yule binti uhai, uzuri na ushujaa, halafu alipoona mapenzi yale yanaelekea kwenye ndoa, akamuua. Tena akamfanya mwenyewe aidhinishe kifo chake. Hili silioni kuwa bahati mbaya ya msuko. Msuko ulijengwa ufike hapo, na uchungu wako ni usomaji sahihi.

Hesabu pia waliotoka. Wazungu watatu, Quatermain, Good na Sir Henry Curtis, wanaondoka kumtafuta ndugu yake Curtis aliyepotea akisaka migodi ya Sulemani, na wote watatu wanarudi. Khiva, kijana wa Kizulu, anakufa akimkinga Good asikanyagwe na ndovu. Ventvögel, mtumishi mwingine wa Kiafrika, anakufa kwa baridi pangoni usiku mmoja, wakaamka wamemkuta amekauka. Mtumishi wao Umbopa pekee ndiye anayesalimika, kwa sababu kumbe ni mfalme, na jina lake halisi ni Ignosi. Mtoto hapigi hesabu za namna hiyo. Mwalimu anayesahihisha madaftari kila jioni hawezi kuacha kuzipiga.

Watu wengi huishia hapo. Wanasema kitabu kina ubaguzi, wanakifunga, wanaendelea na maisha. Au upande wa pili wanasema zama zile kila mtu alikuwa hivyo, tusimhukumu. Majibu yote mawili naona ni ya uvivu. La pili hasa, kwa sababu kitabu chenyewe kinalikataa. Kurasa za mwanzo kabisa Quatermain anaandika lile tusi la kuwaita watu weusi, kisha palepale anasema atalifuta kwa kuwa halipendi, na anaendelea kusema amewajua wenyeji walio waungwana na Wazungu wenye fedha, waliofika juzijuzi kutoka Uingereza, wasio na uungwana wowote. Kwa hiyo mwaka 1885 mtu aliweza kujua. Haggard alijua. Aliyajua, na bado akaandika ule mwisho wa Foulata. Kuna mkono unaofuta na mkono unaoandika, na hapo ndipo kusoma mara ya pili kunapoanza kuwa na utamu, utamu wa ndimu walau.

Alijuaje? Alifika Natal, katika Afrika Kusini ya leo, mwaka 1875 akiwa na miaka 19, karani wa gavana. Mwaka 1877 Uingereza ilipolinyakua Transvaal, yeye ndiye aliyepandisha bendera Pretoria. Miaka miwili baadaye jeshi la Uingereza likauvunja ufalme wa Wazulu. Ukizijua hizo tarehe, nchi ya Wakukuana, watu wa kubuni ambao Quatermain na wenzake wanawakuta ng'ambo ya milima, inabadilika sura. Vikosi vyao, ngao za rangi moja kwa kila kikosi, nidhamu yao, kile kikosi cha wakongwe kinachosimama mahali pamoja hadi kinakaribia kwisha chote: hao ni Wazulu kabla ya 1879, wamewekwa nyuma ya milima na jangwa pasipofikiwa na bunduki. Mtu aliyepandisha bendera anakililia kile ambacho bendera zile zilikibomoa.

Ndipo soma tena kwaheri ya Ignosi. Najua hukumbuki sura hiyo kutoka utotoni, kwa sababu hakuna anayeikumbuka. Inakuja baada ya almasi, wakati mtoto anataka tu kujua kama walifika nyumbani. Mfalme anawaambia rafiki zake kwamba wao watatu wakirudi watapokelewa, lakini Mzungu mwingine hatapita milima ile hata akifika salama. Hataki wafanyabiashara na bunduki zao na pombe zao. Watu wake watapigana kwa mkuki na kunywa maji kama babu zao. Hataki pia watu wa kusali watakaotia woga wa kifo mioyoni mwa watu, wakawachochea dhidi ya sheria ya mfalme, na kuwatengenezea njia Wazungu watakaofuata nyuma.

Sasa weka tarehe pembeni. Mkutano wa Berlin ulifungwa mwishoni mwa Februari 1885. Siku moja baada yake Carl Peters alipata hati ya mfalme wa Ujerumani kwa mikataba aliyoizungusha Usagara na jirani zake mwishoni mwa 1884. Agosti 1885 manowari za Wajerumani zilisimama mbele ya Unguja kumlazimisha Sultani Barghash akubali. Septemba, kitabu kikaingia madukani London, na ndani yake Mwafrika amesimama akieleza kwa mpangilio ule ule kinachokuja: bidhaa, bunduki, mahubiri, kisha watawala. Nawe Mwalimu unakaa Tanga, huhitaji nikueleze hadithi hiyo iliishaje. Msomaji wa Uingereza alilipita tamko lile kama maneno mazuri ya mfalme wa hadithi. Wewe ukilisoma, unalisoma kama shauri ambalo halikupata nafasi ya kufuatwa.

Gagool naye mtazame upya. Haggard amemchora kwa chuki ya ajabu: kanyauka kama nyani, kakunjamana, sauti kama ya kuku. Ameifanya sura yake iwe hoja dhidi ya maneno yake. Lakini yasikilize maneno peke yake. Wazungu wale wamewaambia watu wote kwamba wametoka kwenye nyota, na wote wameamini, hata majemadari. Gagool peke yake anawacheka. Anawauliza kama wamekuja kumtafuta aliyepotea, anasema hayupo hapa, anasema mmekuja kwa ajili ya mawe yanayong'aa. Yote ni kweli. Anawaambia Wakukuana pia kwamba weupe walikuwepo zamani na watakuja tena, nao watawameza na kuwaangamiza. Katika mji mzima wa Loo, mji mkuu wa Wakukuana, mtu mmoja tu anaelewa kinachoendelea, na mwandishi ameona vema awe mchawi.

Jambo moja tu Gagool amelikosea, na si kosa lake, ni la bwana aliyemwandikia. Anadai barabara kuu haikujengwa na mababu wa Wakukuana bali na watu weupe waliopita. Masanamu makubwa matatu mbele ya migodi nayo Quatermain na wenzake wanayahusisha na Wafoinike na watu wa Mfalme Sulemani. Huo haukuwa ubunifu wa Haggard peke yake. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch aliyaona magofu ya Zimbabwe Kuu, akadai ni nakala ya jengo la Sulemani na kasri la Malkia wa Sheba. Kwa miaka mingi wazo hilo lilishikiliwa na walowezi, kwa kuwa liliwafaa: ikiwa waliojenga hawakuwa Waafrika, basi anayechukua nchi leo hamnyang'anyi mwenyewe. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema magofu ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akachimba tena, akathibitisha.

Mwaka 1929 huohuo, Mwalimu, ndipo wachapishaji wa Longmans walipotoa Mashimo ya Mfalme Sulemani kwa Kiswahili, tafsiri ya Frederick Johnson, yule aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1930. Yaani udongo wa Zimbabwe Kuu ulipokuwa unakanusha hadithi ile kwa mara ya pili, watoto wa Tanganyika na Kenya walikuwa wanawekewa mezani hadithi yenyewe, kwa Kiswahili kizuri mno. Silaumu Kiswahili hicho. Kilifundisha vizazi viwili jinsi sentensi ndefu ya nathari inavyotembea bila kuchoka.

Kinachonikera zaidi ni kingine. Dhahabu ya nyanda zile ilikuwa na njia yake halisi, na njia hiyo ilishuka hadi Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ikapanda na pwani hadi Kilwa. Karne ya 14 Kilwa ilitajirika kwa biashara hiyo. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, yule anayehusishwa na jengo la Husuni Kubwa, ambalo kuta zake bado zinaangalia bahari hadi leo. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan imepatikana Zimbabwe Kuu. Kwa hiyo kama mtu anatafuta jina la Sulemani kwenye dhahabu ya kusini, lipo, ila ni la baba yake sultani wa Kilwa. Na Wareno hawakuhitaji ramani ya damu ya 1590. Waliivamia Kilwa mwaka 1505, na mwaka huohuo wakajenga ngome Sofala.

Kilwa haimo ndani ya riwaya. Hakuna jahazi, hakuna mfanyabiashara wa pwani, hakuna msikiti. Njia imekatwa ili migodi iwe ya kale mno na isiyo na mwenyewe. Ukiwa darasa la sita ulikuwa unasoma hadithi ya utajiri uliopitia kwenu, na kwenu kumefutwa. Usomaji wa pili unakupa nafasi ya kuirudisha njia hiyo kichwani, na ukishairudisha, barabara ile ya mawe inayoanzia jangwani haitakuonekea tena kama muujiza. Utajiuliza nani alikuwa anaipita, amebeba nini, anampelekea nani.

Nimekaribia kusahau jambo ambalo, kwangu, ndilo linalokifanya kitabu kisitupike. Quatermain anaandika akiwa amelala Durban, mguu unamuuma mahali alipong'atwa na simba, na anaandika ili mwanawe Harry, anayesomea udaktari London, apate kitu cha kumchangamsha. Anapokubali safari, anadai pauni 500 mkononi, na mkataba kwamba akifa Harry alipwe pauni 200 kila mwaka kwa miaka mitano. Anaeleza kwa utulivu kwamba wawindaji wa ndovu kwa kawaida hawadumu zaidi ya miaka minne au mitano kazini, naye ameshawazidi wenzake mara nyingi. Mtoto anairuka hesabu hiyo. Mzazi hawezi. Hii hadithi ya hazina ni barua ya baba mgonjwa, na safari yenyewe ni bima ya ada ya mtoto.

Kitabu cha pili cha Quatermain, cha mwaka 1887, kinaanza na baba huyo akisema ametoka kumzika kijana wake. Harry amekufa kwa ndui. Ndipo wazee wale watatu wanashika safari nyingine, na safari hii wanaanzia Lamu na kupanda Mto Tana. Haggard alikitabaruku kitabu hicho kwa mwanawe wa pekee wa kiume, aliyekuwa mdogo bado. Mwaka 1891 yeye na mkewe walikwenda Meksiko, ambako alivutwa na habari za hazina iliyofichwa ya mfalme Montezuma. Mtoto akafa Uingereza kwa surua, hajafikisha miaka 10, baba yake yuko ng'ambo anatafuta dhahabu. Sikupi habari hii ili umhurumie aliyemuua Foulata. Nakupa kwa sababu ukirudi kusoma ule mkataba wa pauni 200, utaona kwamba mwandishi mwenyewe hakuwa na kinga dhidi ya hadithi yake.

Kuhusu kijana wako: mpe. Miaka 12 ni umri wake hasa, na ukimnyima atakipata kwingine, akisome bila mtu wa kubishana naye. Mpe ya Kiswahili kwanza ukiweza kuipata, kwa sababu ya lugha. Usimtangulizie mihadhara. Mwache avuke jangwa, aone barabara, aogope ule mlango. Akimaliza, muulize maswali mawili tu mkiwa mezani: katika mji wa Loo nani alisema kweli, na je, Ignosi alikosea kufunga milima? Nimeshawauliza vijana wa umri huo swali la pili, na hubishana kwa fujo kweli kweli, maana nusu yao hudhani ni uchoyo. Baada ya hapo mtafutie picha ya sarafu ya Kilwa, au likizo mpeleke Kilwa Kisiwani akaione Husuni Kubwa kwa macho yake.

Kwa Foulata usimngojee aulize. Msomee mwenyewe kwa sauti pale Quatermain anaposema kifo kile kilikuwa cha heri, umuulize kilikuwa cha heri kwa nani. Ana umri wa kuelewa. Na sura ya kuwinda ndovu akitaka kuiruka, mwache airuke, ila mwisho wake asome, pale anapokufa Khiva.